Shoti ni ya nani? Haki na wajibu wa mfanyakazi na bosi, tuanzie kaunta

Kama hujawahi kukaa kaunta huwezi kujua ile saa tatu usiku inavyokuwa, geti limeshushwa nusu, unahesabu hela mara ya kwanza, unahesabu mara ya pili, unachukua kikokotoo unaanza upya kabisa, na hela bado haifiki pale mashine inaposema ifike. Mwaka 2013 nilikuwa keshia kwenye duka moja la jumla hapa Dar, mshahara 180,000, usiku mmoja nikafunga hesabu nikakuta shoti, yaani hela iliyopungua, ya 84,000. Bosi hakupiga kelele wala nini. Alichukua kalamu akaandika jina langu na ile namba kwenye daftari, mwisho wa mwezi nikapewa 96,000, hakuna barua, hakuna kikao, hakuna hata aliyeniuliza ilikuwaje, na mimi mwenyewe nikashukuru tu kwamba kibarua hakijaota nyasi.

Nimeanzia hapo makusudi. Mambo ya haki na wajibu kazini watu huwa wanayaeleza kama orodha mbili zimebandikwa ukutani, huku haki zako, huku wajibu wako, ukisoma unaona mbona rahisi. Kazi ipo pale katikati, hasara imeshatokea na wote wawili mnaapa kwamba sio yenu. Nitaongelea Tanzania bara kwa sababu ndiko nilikofanyia kazi, Zanzibar wana sheria yao ya ajira ya mwaka 2005, kwa hiyo ndugu zangu wa visiwani msichukue hizi namba mkaenda nazo kwa bosi mtaaibika bure.

Sasa huku bara sheria mama ni ile ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Inamhusu karibu kila mtu aliyeajiriwa, awe wa serikalini au kwa mtu binafsi, wanaobaki nje ni wanajeshi, polisi, magereza na JKT. Yaani muuza duka yumo, kondakta yumo, mlinzi yumo, dada wa nyumbani yumo (huyu tutarudi kwake, sijamsahau). Kifungu cha 28 ndicho kinachoongelea makato kwenye mshahara, na nilikisoma mara ya kwanza miaka kama minne baada ya ile 84,000 yangu, nikakaa kimya dakika nzima.

Kinasema hivi kwa lugha yetu. Bosi hakati mshahara wako anavyojisikia. Makato yanayotokana na sheria yenyewe yapo, kodi, mfuko wa hifadhi ya jamii, amri ya mahakama, hayo hayana mjadala. Lakini akitaka kukukata kwa ajili ya hasara au kitu kilichoharibika, kuna masharti na yote yanatakiwa yatimie, sio moja moja. Uwe umekubali kwa maandishi. Hasara iwe imetokea ukiwa kazini na iwe ni kwa kosa lako. Akuandikie chanzo chake, kiasi chake na jinsi alivyopiga hesabu akafika hapo. Akupe nafasi ya kutosha ya kubisha. Asikukate zaidi ya hasara yenyewe, na jumla ya makato ya aina hiyo isizidi robo ya mshahara. Robo ya 180,000 ni 45,000. Mimi nilikatwa 84,000 kwa kalamu ya bluu.

Lakini ile robo sio neno zito kuliko yote hapo, neno zito ni "kosa lako". Kwa sababu hasara kwenye biashara zinakuja kwa njia nyingi sana na mtu wa kaunta ndiye anayeonekana, basi zote zinamwangukia yeye. Panya katoboa mfuko wa sukari, shoti. Mteja wa gari kajaziwa mafuta kakanyaga moto kakimbia, shoti ya mtu wa pampu. Chupa za soda zimepasuka kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, wakati wa kushusha mzigo, shoti ya stoo. Noti ya elfu kumi bandia imeingia saa moja jioni watu wamejaa mpaka nje na duka zima halina hata kile kitaa cha kuangalizia noti, shoti ya keshia. Hivi hapo kosa la keshia liko wapi? Bosi angeweza kununua kifaa, hakununua, maana yake amechagua kubeba hiyo risiki mwenyewe, ila ikishatokea anaihamishia kwa mtu anayemlipa laki mbili. Na mwezi ambao duka limeuza sana, sikumbuki kuitwa tugawane.

Kwangu mimi mstari ni huo. Hasara inayokuja kwa sababu biashara ni biashara ni ya mwenye biashara, ndio maana na faida ni yake. Hasara inayokuja kwa sababu mtu kaacha droo wazi kaenda kuangalia mpira hiyo ni ya kwake. Shida ni kwamba usiku saa tatu ukiziangalia zote zinafanana, ni namba tu kwenye karatasi, na kitu pekee kinachoweza kuzitofautisha ni kuulizana, yaani ule utaratibu ambao mabosi wengi wanauona ni usumbufu wa wanasheria.

Ila haki ya Mungu nisiwe upande mmoja. Baadaye nilihamia sehemu nyingine nikawa msimamizi, na nikiwa upande ule wa meza nikaona kitu ambacho nikiwa keshia sikukiona. Keshia watatu, droo moja. Kila mtu anatoa chenji, kila mtu anaingiza, mmoja akienda kula mwenzake anakaa bila kuhesabiana, halafu jioni kuna shoti ya 30,000, unamkata nani? Ukiwakata wote elfu kumi kumi umewadhulumu wawili kwa hakika na pengine watatu. Usipokata, mwezi ujao inakuwa 60,000, kwa sababu watu wameshaona kwamba haina mwenyewe. Niliwaomba wenye kampuni droo tatu, wakasema gharama. Nikawaambia basi shoti hizi ni zenu. Hawakupenda, lakini droo zilikuja, na kila anayepokea zamu akawa anahesabu mbele ya anayeondoka wanasaini wote wawili kwenye kaunta buku. Shoti hazikuisha ila zikapungua sana na kila moja ikawa na mtu wa kumuuliza. Kwa hiyo wajibu wa mwajiri hauanzi kwenye mshahara, unaanza kwenye kuweka kazi katika hali ambayo mtu mwaminifu anaweza kuthibitisha kwamba ni mwaminifu.

Na huyo mwaminifu naye tumwongelee, maana sisi wafanyakazi tukikaa vijiweni tunajiongelea kama malaika.

Kuna ule msemo wa mbuzi kula kwa urefu wa kamba yake, umeharibu watu sana. Chukua mfano wa baa, na anayefanya kazi baa atanielewa haraka. Mtu wa kaunta anaamka asubuhi ananunua kreti mbili za bia kwa hela yake mwenyewe, anaziingiza kwenye friji la bosi, jioni anauza zile za kwake kwanza. Hesabu ikifungwa hakuna shoti hata senti tano. Stoku ya bosi iko sawasawa, hela iko sawasawa, bosi anaona tu siku hizi biashara imepoa kidogo, labda ni mwezi mbaya. Ukimkamata huyo kijana atakuambia kwa ujasiri kabisa "sasa nimeiba nini?" na kweli ukitafuta kitu kilichopungua hukioni. Alichoiba ni mteja. Ameiba umeme wa friji, kodi ya pango, jina la baa, na saa zake mwenyewe ambazo alishaziuza kwa mshahara. Huo ndio mgongano wa maslahi, neno ambalo kwenye semina linasikika kama la mawaziri na wakurugenzi, kumbe liko pale Sinza na Mbagala ndani ya friji.

Ndugu zake na huyo ni wengi. Anayeongeza cha juu kwenye risiti ya kununulia vifaa vya ofisi. Anayesaini mahudhurio ya mwenzake ambaye yuko kwao Morogoro. Dereva anayenyonya mafuta lita tano tano. Fundi anayempa mteja wa kampuni namba yake pembeni, "bosi nitafute mwenyewe nitakufanyia kwa bei ndogo." Na yule anayechukua orodha ya wateja na namba zao akienda kwa mshindani, huyu siku hizi ana kesi mbili, maana tangu 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi (ilipitishwa 2022) imeanza kazi na namba za watu sio za kubeba kama kalamu. Wengi wetu tunajitetea kwamba mshahara ni mdogo. Na ni mdogo kweli! Lakini mshahara mdogo unadaiwa kwa mdomo, kwa barua, kwa chama, kwa kuondoka. Ukiudai kupitia friji siku ukishikwa huna pa kusimama, hata ile haki uliyokuwa nayo ya kusema mshahara hautoshi hakuna atakayeisikiliza.

Sasa hapo kwenye kushikwa ndipo pana kitu kinachowachanganya watu kuliko vyote, na mabosi wanakilalamikia mpaka leo. Chukua huyohuyo kijana wa bia. Bosi kamkamata kwa macho yake, kachukua simu kamtumia meseji, "kuanzia kesho usije". Kijana anaenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na anaweza kushinda. Anashinda! Mwizi! Bosi anatoka pale anatukana serikali nzima.

Ukiangalia kwa utulivu sio maajabu. Sheria inasema ili kumwachisha mtu kazi kuwe halali unahitaji vitu viwili, sababu ya kweli na utaratibu wa haki, na anayetakiwa kuthibitisha vyote viwili ni mwajiri, sio aliyefukuzwa. Sababu bosi anayo. Utaratibu hana. Na huo utaratibu umeandikwa kwenye kanuni za mwaka 2007 na wala sio wa kutisha: fanya uchunguzi, mpe mtu tuhuma zake kwa lugha anayoielewa, mpe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, aje na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake, kikao kiongozwe na mtu mkubwa kidogo ambaye hakuhusika kwenye jambo lenyewe, msikilizeni, amueni, mpeni uamuzi na sababu. Kama una wasiwasi akiwepo ataharibu ushahidi unamsimamisha kazi wakati wa uchunguzi ila mshahara wake unaendelea kamili. Wiki mbili zinatosha. Bosi anayeshindwa hizo wiki mbili kwa hasira za dakika tano anailipa hasira yake kwa mishahara ya miezi.

Na usidhani utaratibu ni wa kuwalinda wezi. Mwizi na asiye mwizi asubuhi ile wanafanana kama shoti zinavyofanana. Mimi nilivyoandikwa kwenye daftari la bosi nilifanana kabisa na mtu aliyeiba 84,000. Kikao kingekuwepo ningesema kwamba siku ile umeme ulikatika mara mbili, mashine ikazima, na kuna risiti ziliandikwa kwa mkono na mtu mwingine. Labda wangesema muongo. Lakini ningesema.

Makosa nayo yana uzito tofauti, watu wanasahau. Kuchelewa mara moja sio kosa la kumfukuzisha mtu, kwa kawaida kosa la kwanza ni onyo, isipokuwa liwe zito kiasi kwamba hamuwezi tena kufanya kazi pamoja: wizi na udanganyifu mkubwa, kuharibu mali makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine makusudi, uzembe uliopitiliza, kumpiga mwenzako au mteja, kukaidi waziwazi agizo halali. Na hiyo sheria ya kazini yenyewe iwe inajulikana na iwe inatumika kwa wote. Kama mpwa wa bosi anachelewa kila siku na anachekewa halafu wewe unafukuzwa kwa kuchelewa, hiyo sio nidhamu.

Kuna mtego mmoja wa kuangalia. Ulinzi huu dhidi ya kuachishwa kazi kihuni unaanza baada ya miezi sita kwa mwajiri huyohuyo. Ndio maana kuna sehemu mtu anaachishwa mwezi wa tano na siku ishirini na kitu, kila mara, kama saa. Kisheria huyo bosi yuko ndani ya mstari. Kiutu mimi namwita mjanja mjanja tu, na mwisho wa siku duka lake huwa halina mtu anayejua bei.

Upande wa pili kuna waaminifu wanaopoteza haki zao kwa sababu ya kususa. Umekwazwa, kazi imekuzingua, unazima simu unaenda kijijini, baada ya miezi miwili unarudi unasema nilifukuzwa. Hukufukuzwa, ulitoroka. Kama unalipwa kwa mwezi notisi ni siku 28, na inawabana wote wawili, bosi anaweza kukulipa hela ya notisi badala ya kukusubiri, na wewe ukigoma kufanya kazi siku hizo anaruhusiwa kukata malipo yake kwenye stahiki zako za mwisho. Na ukifukuzwa kweli, usikae nyumbani unasubiri bosi apoe. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30, migogoro mingine kama mishahara na makato ni siku 60, unajaza fomu namba moja, nakala unampelekea mwajiri, na huduma ni bure, kwa hiyo yule anayekuambia lete laki tano nikufungulie kesi mwangalie vizuri. Ukichelewa unaweza kuomba upokelewe nje ya muda lakini uwe na sababu, na "nilikuwa na stress" peke yake huwa haitoshi.

Huna mkataba wa karatasi? Usikate tamaa, hapa sheria imefikiria. Mwajiri ndiye anayetakiwa kukupa maelezo ya kazi kwa maandishi unapoanza: kazi gani, wapi, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Mkifika kwenye kesi akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unabaki kwake. Mabosi wengi wanadhani kutompa mtu mkataba kunawalinda. Ni kinyume chake kabisa.

Ukiondoka kwa njia yoyote kuna vitu vya kudai. Mshahara wa siku ulizofanya, likizo ambayo hukwenda, cheti cha utumishi. Kiinua mgongo cha kisheria, hiki ni pale bosi ndiye aliyekuachisha, ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi, na uwe umefikisha angalau miezi 12, ila aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati. Na kimoja ambacho nikikitaja watu wanashangaa: kama ulichukuliwa Songea ukaletwa kufanya kazi Dar, ukiachishwa huku mwajiri anatakiwa akurudishe Songea wewe na mizigo yako au akulipe nauli, na hela ya kujikimu kwa siku zile unazosubiri usafiri. Kwa hiyo siku ya kuajiriwa pale panapoandikwa "mahali alipoajiriwa" usipapite haraka haraka.

Likizo na masaa nitapita mbio maana haya angalau yanajulikana. Kwa wiki mwisho ni saa 45 za kawaida, siku zisizidi sita, na siku moja isizidi saa tisa. Ovataimu mkubaliane, isizidi saa 50 kwa wiki nne, na inalipwa moja na nusu. Siku yako ya mapumziko ya wiki na sikukuu ni mara mbili. Likizo ya mwaka siku 28, uzazi siku 84 na wakiwa mapacha 100, baba siku tatu, ugonjwa siku 126 kwenye mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza mshahara kamili na nusu ya pili mshahara nusu. Mama anayenyonyesha ana hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi, hii ukiitaja kwenye viwanda vingine wanakuangalia kama umetukana. Orodha nzima hii ya haki inatakiwa iwe imebandikwa sehemu inayoonekana kazini, sheria imesema hivo. Mimi nimefanya kazi sehemu nne, niliiona sehemu moja, nyuma ya mlango wa stoo.

Mfuko wa jamii ndipo ninapokosa uvumilivu. Kwa sekta binafsi NSSF mchango ni asilimia 20, kwa kawaida kumi yako kumi ya mwajiri. Kuna waajiri wanakata ile kumi yako kila mwezi, inaonekana kwenye salari slip, na hawapeleki. Wanasema biashara ngumu, tutapeleka. Jamani hiyo sio hela yako bosi, hukuikopa, ulipewa uipeleke, ni sawasawa na mtoto aliyetumwa ada akala chipsi. Mtu anakuja kujua siku ya kwenda kudai mafao, miaka minane imepita, michango inaonekana ya miezi kumi na moja. Angalia taarifa zako mapema, usingoje. Lakini na sisi tuna unafiki wetu, kuna mfanyakazi anamfuata bosi mwenyewe, "usiniandikishe, nipe yote mkononi", bosi anafurahi maana na yeye anaokoa kumi yake, wanapeana mikono, halafu uzeeni unamlaani peke yake. Ukiumia kazini kuna WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, mchangiaji ni mwajiri peke yake, ukiona inakatwa kwenye mshahara wako uliza.

Rushwa ya ngono sitaiweka kwenye mafungu ya "kutoelewana kazini" kama HR wengine wanavyopenda kuiita. Bosi akisema kazi, cheo au mkataba mpya unapita kitandani, hilo ni kosa la jinai kwenye sheria ya rushwa ya 2007, kifungu cha 25, pa kwenda ni TAKUKURU. Hifadhi meseji, andika tarehe, mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo. Na wewe uliyesikia, "sio mambo yangu" yako ndiyo inayompa kiburi, tangu 2015 kuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa, sio kamilifu ila ipo.

Sasa turudi kwa dada wa nyumbani, nilisema sijamsahau, ingawa ukweli nilikuwa nimemsahau miaka mitatu.

Sisi wengi tunaolalamikia masaa kazini tukirudi nyumbani tunageuka kuwa waajiri, na mara nyingi waajiri wabaya. Dada anaamka saa kumi na moja alfajiri kuandaa watoto wa shule, analala saa tano akishafua na kuosha vyombo vya mgeni aliyekuja bila taarifa. Siku ya kupumzika hajui ni ipi. Amri ya kima cha chini inamtaja wazi wazi, ana kiwango chake, saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki zinamhusu, likizo inamhusu, hata chama chake kipo, CHODAWU. Tunasema "yule ni kama mtoto wetu" na kwa hilo neno "kama" tunaokoa hela nyingi sana. Mtoto wako humkati mshahara.

Mwaka jana baada ya kuyajua yote haya nikaamua nijisafishe. Nikachukua kaunta buku, nikachana karatasi mbili, nikaandika mkataba wa dada yetu kwa mkono, masaa, mshahara, Jumapili mapumziko, likizo ya kwenda kwao Iringa nauli juu yangu, kila kitu. Nikamwita sebuleni nikamsomea, nikafika kwenye kipengele cha makato nikajisikia mtu wa maana kabisa, nikasema hapa ndani ukivunja kitu kwa bahati mbaya hutakatwa, na hata kama ni uzembe tutaandikishana kwanza, utajieleza, na haitazidi robo.

Akasikiliza mpaka mwisho, akachukua kalamu, akaishika bila kusaini.

"Sawa baba Neema," akasema. "Na ile chupa ya chai ya mwezi wa tatu, mliyonikata elfu ishirini na tano? Ile niliandikishwa wapi?"